Panya yupi kwa pumu ya ngozi? Ulinganisho kwa anayetaka kupima dawa Unguja au Pemba

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu."

Mwanafunzi wangu, binti wa Wete, akaniwekea kichupa mezani. Mafuta ya nazi yaliyopikwa na majani ya mwarobaini, juu yake mafuta ya karafuu. Yananukia mpaka nje ya mlango.

"Haya ya bibi. Mdogo wangu alikuwa halali kwa kujikuna, sasa analala. Nataka niyapime kwa panya wenye pumu ya ngozi."

"Panya gani?"

"Kwani wako wangapi, Maalim?"

Wako wengi, na hapo ndipo watu wanapopotea. Panya haumwi pumu ya ngozi kama anavyoumwa mtoto wa Ng'ambo au wa Chake. Sisi ndio tunaomtia ugonjwa unaofanana nayo, na kila njia ya kumtia inafanana nayo upande mmoja tu. Ya mtu ina mambo matatu yaliyoshikana: ngozi isiyozuia, inayopoteza maji na kuingiza vichokozi, kinga iliyoelemea upande wa mzio, ule wa ishara za kinga ziitwazo IL-4 na IL-13, na mwasho wenyewe. Ikishakuwa sugu, ngozi ya viwiko na nyuma ya magoti hunenepa, hukakamaa na kuwa nyeusi. Hakuna panya atakayekupa yote hayo kwa mkupuo.

Wengi huchagua kwa kuuliza ni panya yupi anafanana zaidi na binadamu. Mimi huanza na swali jengine: hii dawa yangu inaweza kunidanganya vipi ndani ya mnyama huyu? Kila mfano, yaani kila njia ya kumtia panya ugonjwa, una mlango ambao dawa isiyotibu pumu ya ngozi hata kidogo inaweza kupita na kuonekana imetibu. Mlango huo hautegemei mnyama peke yake. Unategemea pia kilichomo kichupani.

Sugu ni wiki ngapi?

Kabla ya kulinganisha, tuelewane neno hili. Ukimpaka panya kemikali siku tano na sikio likavimba, huo ni mzio wa kugusa, wala usiuandikie ukurutu sugu. Watafiti wa Japani walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba kemikali ya aina hiyo ikirudiwa rudiwa mahali pale pale kwa wiki kadhaa, mwitikio unabadilika tabia: uvimbe uliokuwa ukija kesho yake unaanza kuja muda mfupi baada ya kupaka, na kinga inageukia upande wa mzio. Kurudia ndiko kunakoleta usugu. Kwa hiyo, chini ya wiki tatu mimi sihesabu.

Jambo la pili ni dawa kuanza lini. Karatasi nyingi za utafiti humpaka panya dawa tangu siku ya kwanza, pamoja na kichokozi. Hiyo ni kukinga. Mama anayekuja hospitali na mtoto mwenye ngozi nene kama ya kobe hakuja kukingiwa. Acha ugonjwa ukae kwanza, upime, wagawe panya kwa bahati nasibu, ndipo uanze kutibu.

DNCB mgongoni, au kalsipotrioli sikioni

Kwa maabara ya uwezo wa kawaida, shindano la kweli liko kati ya hawa wawili, basi nitakaa hapa.

DNCB ni kemikali ya bei ndogo. Unamnyoa panya mgongo, unampaka ya asilimia 1 iliyoyeyushwa katika asetoni na mafuta ya zaituni ili kinga yake iijue, unasubiri kama wiki, kisha unamrudia kwa kiasi chepesi, asilimia 0.2 mpaka 0.5, mara mbili au tatu kwa wiki, kwa wiki nne au tano. Ukimtazama mwishoni, mgongo umejaa magamba, kuna mipasuko midogo yenye damu iliyoganda, na ukiubana kwa vidole viwili unahisi unene ambao wiki ya kwanza haukuwepo. IgE, kingamwili ya mzio, imepanda ndani ya damu. Anajikuna kwa mguu wa nyuma, haraka haraka, kisha anaramba kucha zake.

Oksazoloni ni ndugu yake. Kikundi cha San Francisco kilionyesha mwaka 2008 kwamba panya wasio na manyoya, wakipakwa oksazoloni mara tisa au kumi, wanapata karibu kila kitu: ngozi inayovujisha maji, filagrini, protini inayoijenga ngozi izuie, iliyopungua, IgE juu. Uzuri wake hunyoi, na kunyoa peke yake kunajeruhi ngozi. Ubaya wake panya asiye na manyoya huna budi kumwagiza mbali.

Kalsipotrioli, ambayo maabara wanaiita MC903, ina kisa cha kuchekesha kidogo. Ni dawa ya watu wenye soriasisi, jamii ya vitamini D. Watafiti wa Strasbourg waliripoti mwaka 2006 kwamba ukimpaka panya sikioni, seli za ngozi yake humwaga TSLP, ishara inayoamsha mzio, kwa wingi, na sikio linakuwa jekundu, nene na lenye mwasho, mfano wa pumu ya ngozi. Dawa ya ugonjwa mmoja wa ngozi ikatengeneza mwengine! Huhitaji kumzoesha panya kwanza. Tone la mikrolita 20 la spiriti lenye nanomoli chache za dawa, kila siku, na baada ya siku 7 mpaka 14 una sikio la kupima kwa mikromita. Inafanya kazi kwa panya wa kawaida, BALB/c mweupe au C57BL/6 mweusi. Ukizidisha, kalsiamu ya damu inapanda na panya anakonda, basi mizani iwe karibu.

Kwa mwasho, kalsipotrioli inashinda. Kwa muda na usafi wa kazi, inashinda pia. Kwa usugu inashindwa, maana wiki mbili hazitoshi na ukiendelea sana ile kalsiamu inakuandama. Kwa bei, DNCB. Kwa usalama wa mpimaji, kalsipotrioli, tena mbali sana: DNCB haichagui ngozi ya panya na ngozi yako. Mwenzangu mmoja aliidharau, ikamdondokea juu ya kifundo cha mkono, na tangu siku hiyo akiingia chumba chenye chupa iliyofunguliwa anaanza kuangalia mkono wake. Vaa glavu mbili na ubadilishe kila mara.

Sasa milango ya uongo. Kwa DNCB, mafuta mazito yakipakwa kabla ya kemikali huizuia isiingie. Panya anaonekana amepona, kumbe hakuumwa vya kutosha. Mafuta ya nazi matupu yanaweza kukupa matokeo hayo. Dawa ya huyu binti ni mafuta ya nazi kwa sehemu kubwa, kwa hiyo bila kundi la nazi tupu, jaribio lake halina maana. Paka kemikali kwanza, subiri saa kadhaa, ndipo upake dawa, na siku za kupima zisiwe siku za kemikali.

Kwa kalsipotrioli kuna mlango ambao wenye kutumia miti shamba lazima waujue: asidi huiharibu. Ndiyo maana wagonjwa wa soriasisi huambiwa wasiichanganye na asidi ya salisili. Marhamu yenye ndimu au ukwaju ikikutana nayo sikioni inaweza kuiua papo hapo, nawe ukafurahi kwamba uvimbe haukutokea. Tena sikio lenyewe ni dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Marhamu nzito inateleza, panya anaifuta kwa mkono na kuilamba. Hapo umempa dawa ya kunywa bila kujua. Mgongoni, kati ya mabega, ulimi wake haufiki.

Kuna na kisa cha TSLP ambacho kinanifanya nisiliamini sikio la kalsipotrioli peke yake. Mfano huo umesimama juu ya TSLP. Basi tezepelumab, kingamwili inayoizuia TSLP, ilijaribiwa kwa watu wazima wenye pumu ya ngozi, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 hayakuonyesha tofauti ya kuaminika na wale wasioipata. Dawa hiyo hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2021, kwa pumu ya kifua. Panya alisema kweli kuhusu TSLP, ila ngozi ya mtu ina njia nyengine za kuzunguka.

Jambo dogo la rangi, na Zanzibar linatuhusu. Alama nyingi za ukali wa ugonjwa zinahesabu wekundu. Sikio la C57BL/6 lina rangi yake nyeusi na wekundu hauonekani vizuri, kama usivyoonekana kwa watoto wetu wengi. Aliyezoeshwa macho kwa panya weupe peke yao atakwenda kliniki na kusema mtoto hana kitu. Pima unene, magamba na mikwaruzo, usitegemee wekundu.

NC/Nga, utitiri na mwarobaini

Huyu ni panya wa Japani, uzao uliotengenezwa Nagoya mwaka 1957. Akilelewa ndani ya nyumba safi kabisa isiyo na vijidudu, hana neno. Akilelewa nyumba ya kawaida, kuanzia wiki ya 8 hivi ngozi inaharibika yenyewe, anajikuna mpaka masikio yanakatika katika, na IgE inapanda. Taarifa yake iliyofanya ulimwengu umjue ni ya 1997. Ukisoma juu juu utasema huyu ndiye: hakutiwa kemikali, ugonjwa umekuja kwa njia yake, ni sugu kweli.

Lakini kinachomuamsha ugonjwa kwenye nyumba ya kawaida ni pamoja na utitiri wa manyoya. Na mwarobaini unaua utitiri. Unaona mtego ulivyo? Binti angempaka panya dawa ya bibi, utitiri ungekufa, ngozi ingepona, naye angeandika kwamba amepata tiba ya pumu ya ngozi. Ivermektini, dawa ya kuua vimelea, ingempa jibu hilo hilo. Kwa dawa yoyote yenye mwarobaini, NC/Nga wa nyumba ya kawaida ni chaguo baya kuliko yote. Karafuu nayo huua bakteria, na ngozi ya NC/Nga hubeba bakteria aina ya stafilokoki kwa wingi. Milango miwili kwa panya mmoja.

Dawa ya shida hiyo ni kumlea safi kisha kumpaka marhamu yenye dondoo ya utitiri wa vumbi, Dermatophagoides farinae, baada ya kuvunja kinga ya ngozi kwa sabuni kali. Hapo utitiri umeshakufa zamani, umebaki mzio wake, na mwarobaini hauna cha kuua. Kwa maoni yangu huu ndio mfano unaokaribia zaidi kilichopo kwenye magodoro yetu, maana utitiri wa vumbi unapenda unyevu na sisi unyevu tunao wa kugawa. Gharama yake lakini ni ya wenye ruzuku.

Wengine, kwa haraka

Ovalbumini, protini ya ute wa yai: unamvua panya tabaka la juu la ngozi kwa utepe wa gundi, unamwekea kiraka cha mikrogramu 100 wiki nzima, unampumzisha wiki mbili, mara tatu. Jumla wiki saba. Ni njia ya watu wa Boston, ya 1998, nzuri sana kwa anayesoma namna mzio wa chakula unavyoingilia ngozi. Kwa kupima marhamu inachosha, na ngozi iliyovuliwa hupona hata kwa mafuta ya kupikia, kwa kuwa sehemu ya unachokiona ni kidonda.

Panya wa mkia wenye magamba aliwahi kuwa maarufu. Mwaka 2006 ilijulikana kwamba watu wengi wa Ulaya wenye pumu ya ngozi wana jeni ya filagrini iliyoharibika; mwaka 2009 ikaonekana panya huyu naye jeni yake ya filagrini imeharibika, watu wakapiga makofi. Kufika 2013 ikabainika ana jeni nyengine iliyoharibika, Tmem79, na hiyo ndiyo yenye kubeba sehemu kubwa ya ukurutu wake. Juu ya hayo, kwa watu wenye asili ya Afrika kasoro zile za filagrini ni nadra. Sisi wa visiwani hatuna sababu kubwa ya kumlipia nauli.

Panya waliopandikizwa jeni ni wa swali maalumu tu. Aliyefanywa azalishe kwa wingi IL-31, ishara ya mwasho, wa 2004, alijikuna mpaka akanyonyoka, na kutoka kwake njia ilikwenda mpaka kwa dawa mbili, lokivetmab ya mbwa na nemolizumab ya watu, iliyoidhinishwa Japani mwaka 2022. Kazi ya kupendeza, lakini panya huyo anajibu kuhusu IL-31 na hajibu jengine.

Mbwa, nguruwe na simbilisi

Ukitaka ukweli mtupu, mnyama anayeumwa pumu ya ngozi kama mtu ni mbwa. Anaipata mwenyewe, utotoni, kwa vizio vya nyumbani, inakaa miaka, na dawa zinazomfaa zinafanana na zetu. Oclacitinib, dawa ya mwasho, iliidhinishwa Marekani kwa mbwa mwaka 2013, kabla ndugu zake hawajafika kwa wagonjwa wa pumu ya ngozi. Nguruwe ana ngozi inayofanana na yetu kwa unene na uchache wa manyoya, na dawa ya kupaka hupita kwake karibu kama ipitavyo kwetu. Kwa panya tabaka la juu lina seli mbili tatu tu na vinyweleo vimejaa, dawa inazama kama maji kwenye mchanga.

Haya yote ni kweli, na yote hayatusaidii. Nenda Micheweni ukamwambie mtu akuletee mbwa wake wa nyumbani mwenye kuwashwa. Nguruwe sikutajii tena. Kuna watu wa bara watakaoweza, na ni vizuri kushirikiana nao dawa ikishavuka hatua ya panya. Simbilisi yuko kati kati: ngozi yake nene kuliko ya panya na bei yake haitishi, ila vipimo vya kinga vilivyotengenezwa kwa ajili yake ni vichache, na utabaki kuhesabu wekundu.

Nyumba ya panya

Kitu kinachoua majaribio mengi hapa ni hewa. Ile mashine ya kupima maji yanayovuka ngozi inataka chumba kilichotulia, nyuzi 20 mpaka 22, unyevu kati ya asilimia 40 na 60. Wakati wa masika unyevu wetu unapita 80. Kiyoyozi kikizimika nusu saa, namba unazoziandika ni za chumba, si za panya. Waliokuwepo Unguja wanakumbuka giza la kukosa umeme la Mei 2008, na lile refu zaidi lililoanza Disemba 2009 likaenda mpaka Machi 2010. Mambo yamekuwa bora tangu hapo, lakini mimi bado sianzi jaribio la wiki tano bila jenereta. Kama huna, achana na kipimo hicho, tumia unene wa ngozi, uzito, na kamera ya usiku ya kuhesabu kujikuna. Panya huamka usiku, na pumu ya ngozi ya watoto nayo humaliza watu usiku.

Na tumia majike. Mwaka mmoja, katika maabara nisiyoitaja, tulikaa siku tatu tukishangilia "ukurutu" mkali migongoni mwa kundi ambalo halijapakwa chochote. Kumbe madume wakigombana, wakiumana kiunoni na mgongoni. C57BL/6 nao wakizeeka hupata vidonda vya ngozi bila kuguswa. Panya waliovushwa kwa boti wape angalau wiki ya kutulia kabla ya kuwagusa. Joto na mtikisiko wa safari hubadilisha kinga yao.

Steroidi iwepo katika kundi moja, ya kupaka, kama kipimo cha juu. Itafanya kazi kwa mifano mingi niliyotaja, na usisikitike ikiishinda dawa yako. Itazame kwa upande mwengine: kundi lake litakonda na ngozi itakuwa nyembamba. Marhamu ya kienyeji ikifanya kazi kwa kasi hiyo hiyo na panya wakakonda vile vile, ipeleke ikapimwe kama haijatiwa klobetasoli, steroidi kali, kabla ya kuisifu. Yapo madukani, sote tunajua.

Tulichokichagua

Kwa dawa ya bibi tulikubaliana DNCB mgongoni, BALB/c majike, wiki tano, dawa ianze wiki ya tatu, anayetoa alama asijue panya yupi kapakwa nini. Kabla ya panya yeyote kuumwa, kichupa kipakwe kwanza kwa wazima watatu, kwa sababu yujenoli ya karafuu ni mzio unaojulikana kwa baadhi ya watu, na ngozi iliyopasuka huihisi zaidi. Nikamwambia afikirie kuiondoa kabisa.

Akapiga simu Wete pale pale, akaweka sauti nje.

"Karafuu uitoe?" bibi akasema. "Mwanangu, hiyo ndiyo dawa yenyewe. Mwarobaini nimetia kwa ajili ya babu yako, yeye ndiye anayeuamini."

Kwa hiyo makundi yamekuwa saba: wazima, wagonjwa wasiopakwa, nazi tupu, nazi na mwarobaini, nazi na karafuu, zote pamoja, na steroidi. Vizimba vinatosha. Panya wanakuja Jumamosi kwa boti ya asubuhi.